Stendi Inayomdanganya Mpiga Tromboni

Mpiga klarineti akishaketi, nafasi anayoihitaji inajulikana. Wa tarumbeta naye vivyo hivyo: vidole vitatu vinabonyeza valvu, ala yenyewe imetulia. Msumbufu wa bendi ni mpiga tromboni. Mbele ya uso wake kuna mrija wa shaba uliopinda kwa umbo la herufi U, ambao wanabendi huuita slaidi, na mrija huo hautulii. Huenda mbele na kurudi nyuma wimbo mzima, na chochote kilicho njiani mwake, kiwe kisogo cha mpiga fagoti au stendi ya nota, kiko hatarini.

Stendi ndiyo inayogongwa zaidi, kwa sababu mpigaji hana budi kuiweka karibu ili asome. Lakini je, wajua kwamba kugongwa ndilo tatizo dogo? Stendi iliyokaa vibaya huiharibu pia sauti inayowafikia wasikilizaji, na mpigaji mwenyewe hana habari, maana yeye anaisikia ikiwa nzuri kuliko kawaida.

Tuanze na mkono kwanza. Tromboni ya kawaida, ile ya sauti ya tenor, ina mrija wa takriban mita 2.7 kama ungenyooshwa wote. Ili sauti ishuke nusu toni, mrija huo lazima urefushwe kwa karibu asilimia 6. Slaidi ina miguu miwili sambamba, kwa hiyo mkono husogea nusu tu ya urefu unaoongezeka: kama sentimeta 8 kutoka nafasi ya kwanza hadi ya pili. Hatua zinazofuata haziwi sawa na hiyo. Asilimia 6 ya mrija ambao tayari umerefushwa ni kubwa kuliko asilimia 6 ya mrija mfupi, hivyo kila hatua huizidi iliyoitangulia, na kufikia ile ya mwisho, kutoka nafasi ya sita kwenda ya saba, mkono husafiri karibu sentimeta 11. Jumla ya safari nzima ni sentimeta 57 hivi. Mrija hauna alama yoyote. Nafasi ya tatu mpigaji huijua kwa kuona mkono umekaribia ukingo wa beli, yaani lile tundu pana la mbele ambako sauti hutokea. Ya nne iko mbele kidogo ya ukingo huo. Zilizobaki ni kazi ya mkono uliozoea na sikio lisilolala.

Slaidi ikinyooshwa yote, ncha yake hufika zaidi ya mita moja mbele ya midomo. Mita hiyo imepanga watu wengi bila wao kujua. Mjini New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20, bendi zilikuwa zikizunguka mitaani juu ya magari ya kukokotwa na farasi ili kutangaza dansi za jioni. Mpiga tromboni aliketishwa nyuma kabisa, kwenye ubao wa gari unaofunguka, slaidi ikitokeza nje asije akamtoboa mwenzake. Mtindo wa kupiga tromboni uliopata jina lake kutokana na ubao huo una bingwa wake, Kid Ory, aliyezaliwa mwaka 1886. Waingereza nao, katika bendi zao za jeshi, walichagua njia nyingine: tromboni hutembea mstari wa mbele, mbele yao hakuna mtu. Bendi za jeshi na polisi za Kenya na Tanzania zilirithi utamaduni huo wa gwaride. Huko nota hubanwa kwenye kishikizo kidogo cha umbo la kinubi kilichofungwa kwenye ala yenyewe, na kwa hiyo stendi haina mahali pa kuleta ugomvi.

Ukumbini hakuna bahati hiyo. Katika okestra tromboni hukaa nyuma, safu ya watu iko mbele yao, na stendi katikati.

Stendi nyeusi imara inayoonekana katika kumbi na shule nyingi za muziki, hasa Marekani, mara nyingi ni ya Manhasset, kampuni ya mji wa Yakima, jimbo la Washington, ambayo asili yake ni miaka ya 1930. Bamba lake la kuwekea nota lina upana wa sentimeta 51 hivi na kimo cha sentimeta 32 hivi. Ukubwa huo ni mwema kwa karatasi mbili zilizowekwa bega kwa bega. Kwa sauti ya tromboni, ni ukubwa mbaya kabisa, na sababu yake inapatikana kwa hesabu ya darasani.

Chukua sauti moja ya katikati ya ala hii, yenye mitetemo 233 kwa sekunde. Sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi moja la sauti hiyo lina urefu wa karibu mita moja na nusu. Wimbi kubwa kiasi hicho halijali bamba la nusu mita. Hulizunguka na kuendelea na safari yake. Lakini tromboni haitoi mtetemo mmoja peke yake. Pamoja na ule wa 233 hutoka wa 466, wa 699, wa 932 na mingine mingi juu yake, na hiyo midogo ya juu ndiyo inayoipa sauti mng'ao, ndiyo inayotufanya tuitambue tromboni hata tukiwa nje ya ukumbi. Kwenye mitetemo 700 wimbi lina urefu wa sentimeta 49, karibu upana wa bamba lenyewe. Kuanzia hapo kwenda juu, stendi inakuwa ukuta.

Beli nayo inazidisha shida. Sauti za chini zikitoka ndani yake husambaa kila upande, hata nyuma ya mpigaji. Zile za juu hutoka zikiwa zimeshikana na kuelekea mbele moja kwa moja, kama mwanga wa tochi. Ukiweka bamba la chuma mbele ya beli, basi umezuia hasa zile sauti zisizoweza kupita pembeni. Walioko ukumbini wanapata kilichobaki: sauti nzito, butu, kana kwamba mtu anapigia chumba cha pili.

Na mpigaji? Yeye kwa kawaida yuko nyuma ya beli, mahali ambapo mng'ao haufiki vizuri. Amezoea kujisikia butu kuliko wanavyomsikia wengine. Stendi ikija mbele ya beli, zile sauti za juu zinagonga bamba na kumrudia usoni. Ghafla anajisikia mkali, safi, mwenye nguvu. Anaisogeza stendi karibu zaidi. Katika mazoezi ya peke yake chumbani, anaweza kupiga miezi mizima akiamini kwamba sauti yake imekomaa, kumbe anausikiliza mwangwi wa kipande cha chuma. Kwa maoni yangu hili lingefaa kuwa somo la kwanza kabisa la mwanafunzi, kabla hajafundishwa hata kupaka slaidi mafuta, kwa sababu sikio likishazoea mwangwi huo, kuliondoa huko ni kazi ya muda mrefu.

Kadiri mpigaji anavyopuliza kwa nguvu ndivyo hasara inavyoongezeka. Mwaka 1996 mtafiti Hirschberg na wenzake walichapisha katika jarida la chama cha wanasayansi wa sauti cha Marekani vipimo vilivyoonyesha kwamba tromboni ikipigwa kwa nguvu sana, mawimbi ndani ya mrija wake mrefu na mwembamba huinuka mbele na kuwa wima, hadi yanakuwa mawimbi ya mshindo, jamaa ya yale yanayofuatana na ndege iendayo kasi kuliko sauti. Ule mlio mkali wa shaba unaopasua okestra nzima hutoka hapo. Nao umejaa mitetemo ya juu tele, ile ile ambayo bamba la sentimeta 51 linaikamata.

Sasa stendi iwekwe wapi? Walimu wengi wanaanza kwa kuiondoa. Mwanafunzi aketi sawasawa, ainue ala mpaka kipulizio kije midomoni bila yeye kuinama, mkono wa kushoto ubebe uzito, wa kulia unyooshe slaidi hadi nafasi ya saba. Mwili ukishapata mahali pake, ndipo stendi iletwe. Kinyume chake ndicho kinachoonekana kwenye bendi nyingi: stendi imewekwa popote, kisha shingo, mgongo na ala vinajipinda kuifuata. Stendi ikiwa chini mno, beli inainama sakafuni na koo linabanwa. Ikiwa juu mno, inamficha mwongoza bendi na kuziba beli kwa wakati mmoja.

Upande unaopendwa ni wa kushoto. Beli iko kushoto mwa uso, slaidi inakwenda mbele, basi bamba hukaa kiasi kwamba slaidi inapita nje ya ukingo wake wa kulia. Wengi hukigeuza kiti kidogo kuelekea kulia, ala ikaelekea pembeni mwa stendi, huku macho yakiitazama nota na, kwa juu yake, mkono wa mwongoza bendi. Kugeuka huko kunatatua mambo mawili kwa mara moja: slaidi inapata njia na beli inaacha kulitazama bamba. Wapo wanaopendelea stendi iwe mbele kabisa lakini chini, beli ikipita juu yake. Nayo ni njia halali, ila bamba lilazwe zaidi, kwa kuwa likisimama wima linairudishia beli uso wake wote. Kulaza nako kuna kikomo, maana karatasi ikilala sana mistari ya nota inaonekana imebanana.

Upande wa kulia una kasoro ambayo haionekani hadi muziki uanze. Slaidi iko chini kidogo ya macho na nota iko chini ya slaidi, kwa hiyo mkono wa mpigaji unapita kwenye njia ya macho yake mwenyewe, mbele na nyuma, tena kwa kasi zaidi pale ambapo nota ni ngumu. Stendi ikiwa kushoto, beli nayo huziba kiasi, lakini haisogei, na jicho huzoea kitu kisichosogea.

Wanamuziki wa jazi waliitazama kasoro ya stendi wakaona kifaa. Katika nota za bendi kubwa za Marekani kuna maelekezo yanayomwambia mpigaji aielekeze beli ndani ya stendi, makusudi, ili sauti ipungue ukali bila kutumia kizibo. Mistari michache baadaye anaambiwa ainue, na mng'ao unarudi papo hapo. Bendi za zama za Glenn Miller na Tommy Dorsey, wote wawili wapiga tromboni, zilitumia stendi fupi zenye ubao wa mbele, zikionyesha jina au herufi za bendi. Zilikuwa pambo, lakini ufupi wake pia uliziacha beli juu ya ukingo zikiwatazama wachezaji dansi.

Macho yana shauri lao. Miwani ya kusomea kwa kawaida hutengenezwa kwa umbali wa sentimeta 40 hivi, umbali wa kitabu mkononi. Mpiga tromboni hawezi kuisogeza nota karibu kiasi hicho, kwa kuwa beli na mkono vimeshachukua nafasi. Karatasi yake huwa sentimeta 70 au zaidi kutoka machoni. Akishapita umri wa miaka 45 hivi anajikuta kwenye pengo: miwani ya kitabu inamfifishia nota, ya mbali haimsaidii. Dawa ni kwenda kwa fundi wa miwani na kipimo cha umbali huo mkononi, kilichochukuliwa akiwa ameketi na ala.

Nje ya ukumbi upepo nao unadai haki yake. Wakristo wa Kimoravian wamepiga tromboni nje ya nyumba kwa karne nyingi. Kundi lao la Bethlehem, Pennsylvania, lina historia tangu mwaka 1754. Huku kwetu bendi za matarumbeta za makanisa ya Kilutheri na Kimoravian nchini Tanzania hupiga uwanjani na makaburini, kwenye stendi nyepesi za kukunja ambazo upepo wa saa nane mchana huziangusha bila taabu. Vibanio vya nguo vinashika karatasi. Stendi yenyewe husimama vizuri ikiwa mguu wake mmoja umeelekezwa kule upepo unakosukumia. Slaidi isiachwe karibu nayo wakati wa mapumziko: kuta za mirija hiyo ni nyembamba, upenyo kati ya wa ndani na wa nje ni sehemu ndogo ya milimita, na stendi ikiiangukia ikaacha kibonyeo kidogo tu, slaidi inaanza kukwama mahali hapo.

Linabaki suala la bendi za shule, ambako wapigaji wawili hupewa stendi moja. Aliyeketi kulia anaipata stendi kushoto kwake na mambo yake ni mazuri. Mwenzake wa kushoto anaipata kulia, anasoma kupitia mkono wake unaokwenda na kurudi, na akijaribu kujigeuza aone vizuri, slaidi inakwenda moja kwa moja kwenye bamba. Mwalimu atasikia sauti za nafasi ya sita na ya saba zikitoka juu kuliko zinavyotakiwa na atadhani mtoto ana mikono mifupi. Kabla ya kumtafutia ala nyingine, amfanyie nakala ya nota na ampe stendi yake.