Bei ya Kicheko: Jane Austen na Hesabu za Kujichapishia

Anayeandika riwaya ya mapenzi yenye ucheshi anajua tangu ukurasa wa kwanza itakavyokwisha: wawili watazozana, wataelewana, na harusi itanukia. Asichokijua ni yatakayompata yeye baada ya nukta ya mwisho. Kama anajichapishia, mswada wake unageuka bidhaa siku hiyohiyo, na ni bidhaa ambayo bei yake haijulikani, si kwa mwandishi wala kwa mchapishaji mzoefu. Ndiyo maana siamini kwamba mishangao inayomngoja inatokana na ugeni wake tu. Imo ndani ya biashara yenyewe. Ushahidi mzuri kuliko wote una umri wa miaka 200, na unatoka kwa mwanamke ambaye wengi hawamhesabu kuwa mwandishi wa kujitegemea: Jane Austen wa Uingereza.

Mwaka 1811 Austen alikuwa na miaka 35, hajaolewa, na kipato chake kilikuwa chembamba. Thomas Egerton wa London alikubali kuitoa riwaya yake Sense and Sensibility kwa sharti kwamba gharama za karatasi, uchapaji na matangazo ziwe juu ya mwandishi. Mchapishaji angekata kamisheni yake. Hasara, kama ingetokea, ingekuwa ya Austen peke yake. Kaka yake Henry alisimulia baadaye kwamba dada yake alikuwa ametenga akiba ndogo ya kufidia hasara aliyoitarajia. Hasara haikuja. Kufikia katikati ya 1813 nakala zote zilikuwa zimeuzwa, naye amepata faida ya pauni 140. Ila habari hiyo njema ilimfikia akiwa amechelewa. Mwishoni mwa 1812 alikuwa ameshamuuzia Egerton hakimiliki ya Pride and Prejudice kwa pauni 110, baada ya kuomba 150. Kitabu kilitoka Januari 1813, toleo la pili likafuata mwaka huohuo, la tatu 1817, na mwandishi hakuongezewa hata senti. Kichekesho chake kinachopendwa zaidi duniani kilimnufaisha mtu mwingine.

Hapa mtu wa kenda shika kuliko kumi nenda uje atapinga: Austen alikuwa mhitaji, na pauni 110 taslimu zina uzito kuliko ndoto. Pingamizi hili lina nguvu, na maisha ya Austen mwenyewe yanaliongezea nguvu. Mwaka 1815 mchapishaji John Murray alimpa ofa ya pauni 450 kwa hakimiliki za vitabu vitatu: Emma, Mansfield Park na Sense and Sensibility. Safari hii alikataa, akatoa Emma kwa gharama zake. Emma ilileta faida ya zaidi ya pauni 200, lakini toleo la pili la Mansfield Park lilidoda, na hasara yake ikakatwa kwenye faida ya kitabu kipya. Hadi anafariki Julai 1817, Emma ilikuwa imemwingizia pauni 38 na shilingi 18. Kwa hesabu kavu, Murray alikuwa na haki, na anayehubiri kwamba kujichapishia ni njia ya utajiri hana budi kulikiri hilo. Lakini tazama hasara ilikotoka. Haikutokana na kubaki na hakimiliki. Ilitokana na kuchapa mamia ya nakala kabla ya kujua wanunuzi wako wapi, kisha kuvitia vitabu viwili katika daftari moja. Kosa la idadi ya nakala laweza kurekebishwa katika toleo lijalo; hakimiliki ikishauzwa, mwandishi hana toleo lijalo la kulirekebisha.

Wasomaji nao walikuwa na mishangao yao. Austen alikusanya maoni ya ndugu na marafiki kuhusu Emma na kuyaandika, makali kwa matamu: mmoja alisoma sura ya kwanza na ya mwisho tu kwa kuwa alisikia kitabu hakivutii, mwingine alisema asingekimaliza kama asingekuwa anamfahamu mwandishi. Mkutubi wa mwanamfalme aliyekaimu ufalme wa Uingereza, James Stanier Clarke, alimshauri aandike riwaya nzito ya historia juu ya ukoo wa kifalme. Akamjibu, kwa adabu zote, kwamba akikatazwa kucheka angenyongwa kabla ya kumaliza sura ya kwanza. (Hili la watu kumtaka mchekeshaji awe mzito halijaisha mpaka leo.)

Teknolojia imepunguza hasara iliyommeza Austen. Tangu 2007 Kindle ya Amazon humruhusu mwandishi kuuza bila kuchapa hata karatasi moja, na kitabu cha kidijitali cha dola 2.99 hadi 9.99 chaweza kumpa mrabaha wa asilimia 70. Kwetu bado wapo wanaolipia nakala mia tano kwa mkupuo na kuzikuta zimejaza sebule. Busara ni kuanza na chache, huku oda zikikusanywa kwa WhatsApp. Na anayeamua kwenda kwa mchapishaji asome mkataba kwa kalamu mkononi. Kenya na Tanzania zimo katika Mkataba wa Berne, ambao unailinda kazi ya mwandishi kwa muda usiopungua miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo anachokiuza ni pamoja na mali ya watoto wake. Adai kifungu kinachomrudishia haki endapo kitabu hakitachapwa katika muda waliokubaliana. Austen hakuwa nacho. Mwaka 1803 aliuza mswada ulioitwa Susan kwa pauni 10, mnunuzi akaulaza miaka 13 bila kuutoa. Ulinunuliwa tena 1816 kwa pauni zilezile 10, ukatoka baada ya kifo chake kwa jina la Northanger Abbey.