Uanagenzi wa Sheria ya Kimataifa na Pwani ya Barani

Makala haya yanakusudia kufafanua jambo ambalo wanafunzi wengi wa vyuo vyetu hulisikia likitajwa kwa jina la kigeni bila kuujua undani wake. Ni zile nafasi wanazopewa wasomi chipukizi, waliokwisha kuhitimu, ili wajijenge katika taaluma ya sheria ya kimataifa. Wapo wanaolitohoa jina hilo na kusema feloshipu. Wengi huliita ufadhili. Neno ufadhili si kosa, lakini limeshika nusu ya maana. Mfadhili hutoa fedha, ilhali nafasi hizi hutoa kiti karibu na bingwa. Ushirika nao unakaribia, ila tayari umebeba mizigo miwili mingine, wa vyama vya wakulima na wa ibada kanisani. Mwandishi wa makala haya anaonelea kwamba neno uanagenzi, likiongezewa sifa ya kitaaluma, lingefaa zaidi. Mwanagenzi hukaa kando ya fundi wa jahazi, akashika randa, akaona ubao unavyokunjwa. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani kitabuni.

Je, jambo hili linatuhusu nini sisi wa Barani, ukanda huu wa Malindi na Kilifi? Linatuhusu kwa sababu ni nadra kupata pwani ambayo maisha yake yameamuliwa kwa hati za kimataifa kama hii. Mnamo Desemba 1895 Uingereza ilikubaliana na Sultani wa Zanzibar kuutawala mwambao wake wa bara kwa malipo ya kila mwaka, huku bendera ikibaki ya Sultani. Malindi na Takaungu zilikuwa ndani ya ukanda huo wa maili kumi. Oktoba 1963, ilipokaribia siku ya uhuru, ukanda ukaunganishwa na Kenya kwa mkataba uliotiwa saini London, pamoja na barua zilizobadilishana Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte. Barua hizo ziliahidi kulindwa kwa mahakama za kadhi, na pia kutambuliwa kwa hati za kumiliki ardhi zilizokwisha kusajiliwa. Ahadi ya kwanza hutajwa mara nyingi. Ya pili hutajwa kwa nadra, ingawa ndiyo iliyowagusa zaidi Wamijikenda waliokuwa wakilima mashamba yasiyokuwa na jina lao katika daftari lolote. Anayetaka kuelewa kwa nini Kilifi ina maskwota wengi hana budi kuanzia huko.

Tukielekea Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, tunakuta mfano mwingine. Kutoka majukwaa ya Waitaliano yaliyosimamishwa baharini ilirushwa, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza kutengwa mahususi kwa uchunguzi wa miali ya eksirei kutoka angani. Kituo hicho kipo kwa nguvu ya makubaliano baina ya Kenya na Italia. Mvuvi wa Ngomeni anaishi jirani na sheria ya anga za juu, apende asipende.

Hata hivyo, bahari yenyewe ndiyo hoja kuu. Leo kila mwanafunzi wa sheria hufundishwa kwamba nchi ya pwani ina eneo la kipekee la kiuchumi lenye upana wa maili 200 za baharini, ambamo samaki na rasilimali nyingine ni haki yake. Ni wachache wanaoambiwa wazo hilo lilisukumwa na nani. Lilitolewa na Kenya. Mwanasheria wake, Frank Njenga, aliliwasilisha mbele ya Kamati ya Ushauri wa Kisheria ya Asia na Afrika, Colombo mwaka 1971 na Lagos mwaka 1972. Agosti 1972 Kenya ikapeleka rasimu ya vifungu kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa huko Geneva. Miaka kumi baadaye wazo hilo likawa sehemu ya Mkataba wa Sheria ya Bahari uliotiwa saini Montego Bay, Jamaika.

Sasa tutazame yaliyofuata. Agosti 2014 Somalia iliishtaki Kenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, kuhusu mpaka wa baharini. Kenya ilidai mpaka unafuata mstari wa latitudo. Somalia ilidai mstari wa masafa sawa kutoka pwani zote mbili. Mawakili mashuhuri wa Somalia walikuwa akina Paul Reichler na Alain Pellet. Upande wa Kenya, Mwanasheria Mkuu Githu Muigai alisimama pamoja na akina Vaughan Lowe na Payam Akhavan. Kila nchi isiyokuwa na raia wake mahakamani huruhusiwa kumteua jaji kwa ajili ya kesi hiyo tu. Jaji aliyeteuliwa na Kenya alikuwa Mfaransa, Gilbert Guillaume. Mwaka 2021 Kenya ilisusia vikao vya kusikilizwa kesi, na tarehe 12 Oktoba mwaka huo Mahakama ikaikataa hoja ya latitudo na kuchora mstari wa masafa sawa wenye marekebisho. Kenya ilikataa kuutambua uamuzi huo. Si nia yetu kudai kwamba mawakili wenyeji wangeshinda. Jambo la kujiuliza ni kwamba nchi iliyolizaa eneo la kipekee la kiuchumi ilihitaji sauti za kukodi kulitetea.

Mabingwa hao hawakuzaliwa na umahiri wao. Umahiri hujengwa kwa uanagenzi, na milango yake inajulikana. Tangu 1965 Umoja wa Mataifa una programu ya kusaidia ufundishaji wa sheria ya kimataifa, ambayo huwapeleka wanasheria na wahadhiri vijana The Hague na huendesha kozi ya Afrika mjini Addis Ababa. Kwa sheria ya bahari, upo ufadhili wenye jina la Hamilton Shirley Amerasinghe wa Sri Lanka, na tangu 2004 ule wa Umoja wa Mataifa na Wakfu wa Nippon. Mlango wenye thamani kubwa kuliko yote pengine ni wa Mahakama yenyewe. Tangu 1999 Mahakama hupokea wahitimu wachache kila mwaka, takriban 15, kila mmoja akiwekwa chini ya jaji, akimfanyia utafiti na kuhudhuria vikao.

Hapo ndipo penye kikwazo. Kwa muda mrefu chuo kilichompendekeza kijana ndicho kilichotakiwa kumlipia posho, bima na nauli. Chuo cha New York kinaweza. Chuo cha pwani ya Kenya hutazama bajeti yake kikanyamaza. Ndiyo maana Baraza Kuu, mwishoni mwa 2020, liliidhinisha mfuko maalumu kwa wahitimu wa vyuo vya nchi zinazoendelea. Mfuko huo hutegemea michango ya hiari, lakini umefungua kitasa. Novemba 2025 Phoebe Okowa, aliyesoma Nairobi kisha Oxford, alichaguliwa kuwa jaji wa kwanza Mkenya katika Mahakama hiyo, akishika nafasi iliyoachwa na Abdulqawi Yusuf wa Somalia. Kwa hiyo sasa yupo fundi mkuu kutoka kwetu. Wanagenzi ndio wanaosubiriwa.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna kazi isiyohitaji visa. Lugha rasmi za Mahakama ni Kifaransa na Kiingereza, na kijana wa Mtwapa au Mambrui hukutana na istilahi hizi kwa mara ya kwanza akiwa chuoni, kwa lugha isiyo yake. Katika makala haya tumesema mstari wa masafa sawa na eneo la kipekee la kiuchumi; pengine wavuvi wa Malindi wana maneno mafupi na makali zaidi kwa maji ya karibu, maji ya mbali na mwisho wa kuvua. Tasnifu moja ya shahada ya uzamili ingetosha kuyakusanya, kuanzia bandari ya Malindi hadi Kipini.