Faida ya Daftari la Nafsi

Wahenga wa pwani, ambao biashara ndiyo iliyokuwa maisha yao, walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyabiashara aliyeuza nguo na nafaka bila kuandika aliamka siku moja akakuta duka tupu, wala asijue ni nani aliyemdhulumu. Lakini mali ya binadamu si fedha peke yake. Siku nazo ni mali, tena hupotea kimya kimya kuliko fedha. Muulize mtu mzima aliona nini na alifikiri nini tarehe kama ya leo mwaka uliopita. Aghalabu atakuna kichwa tu.

Askari, kwa upande wake, si mgeni wa kalamu. Hakuna siku inayopita katika kituo cha polisi bila maandishi katika kitabu cha matukio: saa, mahali, jina la mlalamikaji, kilichoibwa, aliyepokea zamu. Kambini pia lindo lina daftari lake. Maandishi hayo ni ya lazima, na uzuri wake ni ufupi na ukweli. Hata hivyo yana mpaka. Kitabu cha matukio kitaeleza kwamba mtoto aliyepotea alipatikana saa mbili za usiku akakabidhiwa kwa mama yake. Hakitaeleza jinsi mama yule alivyoketi sakafuni kwa kuishiwa nguvu miguuni, wala jinsi koplo wa zamu alivyoshindwa kula chakula chake usiku ule kwa kuwafikiria wanawe walio mbali. Mambo ya namna hiyo yanahitaji daftari jingine, lisilokaguliwa na mkuu yeyote. Hilo ndilo liitwalo shajara, yaani kitabu ambamo mtu huandika kila siku habari za nafsi yake kwa maneno yake mwenyewe.

Miongoni mwa shajara zilizoandikwa na Waafrika wakati wa vita, mojawapo iliyo mashuhuri ni ile ya Solomon Tshekisho Plaatje wa Afrika Kusini. Mwezi wa Oktoba 1899, vita baina ya Waingereza na Makaburu vilipoanza, majeshi ya Makaburu yaliuzunguka mji mdogo wa Mafeking, nao ukabaki umezingirwa kwa siku 217, hadi Mei 1900. Plaatje alikuwa kijana wa miaka 23, mkalimani wa mahakama ya mji huo. Alikuwa amesoma katika shule ya misheni tu, wala hakupata kuingia shule ya sekondari. Mkewe na mtoto wao mchanga walikuwa mbali naye. Mchana alitafsiri mahakamani na kuwapigia chapa waandishi wa habari wa Kiingereza walionaswa mjini. Na katika siku zile zile akaanza kuandika mambo yake mwenyewe.

Mtu angetazamia kwamba maandishi ya kijana aliye katikati ya mizinga yangekuwa kilio kitupu. Sivyo. Katika kurasa za kwanza anausikiliza mlio wa bunduki kama mtu asikilizaye ngoma, akiulinganisha na muziki. Anafanya mzaha. Anawakumbuka mkewe na mwanawe. Anaandika kwa Kiingereza, kisha anachomeka maneno ya Kitswana na ya lugha nyingine alizozijua pale Kiingereza kinapomwishia ladha. Lakini kadiri miezi inavyopita, kalamu inazidi kuelekea kwenye njaa: Waafrika waliokimbilia mjini bila chakula, supu ya nyama ya farasi, watu wanaodhoofika mbele ya macho yake. Hakuna aliyemwagiza kuyaandika hayo. Aliandika hadi mwishoni mwa Machi 1900, kisha shajara ikakoma.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Kwa miaka mingi habari za Mafeking zilisimuliwa kana kwamba ni Wazungu peke yao waliozingirwa, waliopigana na waliokaa na njaa. Shajara ya Plaatje ilichapishwa mwaka 1973, zaidi ya miaka 40 baada ya kifo chake cha mwaka 1932, na ndipo wasomaji wengi walipoona jinsi watu wa Barolong na Waafrika wengine walivyokuwemo katika mji ule, wakibeba silaha, wakipeleka barua kupitia mistari ya adui na kufa kwa njaa. Plaatje mwenyewe baadaye alikuwa mhariri wa magazeti, katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa African National Congress, mfasiri wa tamthilia za Shakespeare kwa Kitswana, na mtunzi wa riwaya ya Mhudi iliyotoka mwaka 1930. Haiwezi kusemwa kwamba shajara peke yake ndiyo iliyomfanya mwandishi. Lakini mkono uliokuja kuandika riwaya ulikuwa umekwisha kujaribiwa katika kurasa ambazo hakuna aliyezisahihisha.

Huenda mama wa nyumbani akasema kwamba hayo ni ya wanaume na vita vyao, naye hana muda. Kisa cha Carolina Maria de Jesus wa Brazil kinamhusu yeye. Mwanamke huyo mweusi alizaliwa mwaka 1914 katika mji wa Sacramento, akasoma shule kwa muda wa miaka miwili hivi tu. Katika miaka ya 1950 aliishi katika kibanda cha mbao mtaa wa mabanda wa Canindé, mjini São Paulo, akiwalea watoto watatu peke yake. Riziki yake ilitokana na kuokota karatasi na vyuma chakavu mitaani na kuviuza. Katika takataka hizo hizo alipata madaftari yenye kurasa safi, akaandika humo.

Aliandika nini? Aliandika kwamba ameamka, ameteka maji, amepata fedha kiasi fulani, maharagwe yamepanda bei, mtoto anataka viatu. Kwa juujuu ni hesabu ya nyumba tu, ya namna ambayo kila mama huifanya kichwani. Lakini kwa kuirudia kila siku, macho yake yalizidi kuwa makali. Njaa aliyoizoea aliitazama hata akaipa rangi, akasema kwamba mwenye njaa huona vitu vyote vya njano. Mchambuzi wa ushairi angefurahi kupata tashibihi kama hiyo, nayo imetoka kwa mwokota karatasi. Mwaka 1958 mwandishi wa gazeti, Audálio Dantas, alifika Canindé akamsikia Carolina akiwatishia jirani zake kwamba atawatia kitabuni. Akaomba kukiona hicho kitabu. Mwaka 1960 sehemu ya shajara ilichapishwa, ikauzwa kwa maelfu mengi na kufasiriwa kwa lugha nyingi.

Ukweli wote hauna budi kusemwa. Siku Carolina alipohama Canindé, baadhi ya majirani waliojiona wameaibishwa walimrushia mawe. Sifa zake hazikudumu, na alipofariki mwaka 1977 hakuwa tajiri. Basi anayenunua daftari kwa tamaa ya fedha na akanunue kitu kingine. Faida aliyoipata Carolina kabla ya Dantas kufika, miaka yote ile aliyoandika bila msomaji, ndiyo iliyo karibu na kila mtu: katika saa ile ya kuandika, kibanda na taabu zake vilikaa mbali kidogo, naye akawa mwenye kusema badala ya kuwa mwenye kusemwa.

Wanasaikolojia nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1986 Wamarekani James Pennebaker na Sandra Beall walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 46 wa chuo kikuu. Wanafunzi hao waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Baadhi yao waliandika juu ya mambo mazito yaliyowahi kuwaumiza, wengine juu ya vitu visivyo na uzito. Walioandika yaliyowapata pamoja na jinsi walivyoyahisi walisikitika zaidi mara tu walipomaliza. Lakini katika miezi sita iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi kuliko wenzao. Majaribio mengine mengi yamefanywa tangu hapo, na yameonyesha kwamba faida hiyo si kubwa kwa kila mtu. Askari aliyerudi kutoka mapambanoni, akawa halali usiku au anashtuka kwa kila kishindo, aende kwa daktari. Daftari ni msaidizi tu.

Sasa, mtu aanze vipi? Daftari la shule latosha, na kalamu yoyote. Dakika 10 baada ya chakula cha jioni zinatosha pia. Kosa la wanaoanza ni kuandika hukumu badala ya jambo lenyewe: leo siku ilikuwa njema, leo nilichoka. Maneno hayo baada ya mwezi hayamrudishii mwandishi kitu chochote. Heri aandike kwamba mvua ilivuja juu ya kitanda, na kwamba mtoto wa pili aliinuka bila kuambiwa, akaweka sufuria chini ya tone, akarudi kulala. Miaka 20 baadaye, mtoto huyo akiwa na watoto wake, mstari huo utakuwa mali.

Ham Mukasa wa Buganda aliijua siri hiyo zamani. Mwaka 1902 alifuatana na Katikiro Apolo Kagwa kwenda Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, sherehe iliyoahirishwa hadi tarehe 9 Agosti kwa sababu mfalme aliugua. Safari nzima Mukasa aliandika aliyoyaona, akilinganisha mambo mageni na yale ya nyumbani ili Mganda asiyepata kuvuka bahari aweze kuyaona moyoni. Maandishi yake ya Kiganda yalifasiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa London mwaka 1904. Mbinu ya kulinganisha haigharimu kitu, na ndiyo shule ya kwanza ya mtunzi.

Kwa askari kuna mipaka isiyo na mjadala. Katika Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi wa Japani waliandika shajara kwa wingi, nao adui zao huko Pasifiki waliziokota mifukoni mwa waliouawa, wakazifasiri na kujua majina ya vikosi, upungufu wa chakula na hali ya mioyo ya watu. Jeshi la Uingereza liliwakataza askari wake kuandika shajara wakiwa mstari wa mbele. Kwa hiyo idadi ya watu, silaha, njia za doria, majina ya wakuu na jambo lolote la upelelezi lisiingie katika daftari la nafsi. Na pale amri ya kikosi inapokataza daftari lenyewe, amri ifuatwe. Hata hivyo hakuna jeshi linaloweza kudhurika askari akiandika, akiwa likizoni, jinsi alivyomkuta binti yake amejifunza kupanda baiskeli.

Nyumbani nako kuna adabu yake. Bwana asifungue daftari la bibi, wala bibi la bwana, wala wazazi wasipekue la kijana wao kwa kisingizio cha malezi. Anayejua kwamba atasomwa huandika uongo, na hapo faida yote imekwisha. Akitaka kumsomea mwenziwe ukurasa mmoja jioni, hiyo ni hiari yake. Na ndoa kadhaa zilizozoea kimya zimefunguka kwa ukurasa mmoja namna hiyo. Watoto wapewe daftari lao tangu wanapoweza kuunganisha sentensi, bila kusahihishwa tahajia. Tahajia ina mwalimu wake.

Daftari likijaa lifungwe katika mfuko wa nailoni, liandikwe mwaka kwa nje, liwekwe sandukuni mbali na mchwa na unyevu. Kurasa za Plaatje zilikaa zaidi ya miaka 70 kabla ya kuchapishwa, nazo zilisomeka.