Kuni na Unga: Uainishaji wa Vijiumbe kwa Lishe na Tatizo la Istilahi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wanabiolojia wanavyowaainisha vijiumbe kwa kuzingatia lishe yao, na kuonyesha hatari iliyomo katika kuzitafsiri istilahi zao kwa pupa.

Kikwazo cha kwanza ni neno chakula. Katika matumizi ya kila siku neno hilo hubeba dhana mbili ambazo sayansi huzitenganisha: kile kiupacho mwili nguvu na kile kiujengacho. Mpishi wa ugali, au bukari kama usemavyo mji wa Lubumbashi, huhitaji kuni na unga. Kijiumbe naye ana kuni zake, yaani nishati, na unga wake, yaani kaboni ya kujengea seli.

Basi maswali ya msingi ni mawili. Nishati yatoka wapi? Anayeitwaa katika mwanga wa jua huitwa fototrofu. Anayeipata katika mabadiliko ya kemikali huitwa kemotrofu. Kaboni nayo yatoka wapi? Anayetumia dioksidi ya kaboni ni ototrofu. Anayetegemea kaboni iliyokwisha kuundwa kuwa sukari, protini na kadhalika ni heterotrofu. Majibu hayo yakiunganishwa, hupatikana makundi manne.

Ziwa Kivu latupatia mifano karibu yote. Juu, mwanga unakofika, bakteria wa kijani-buluu hutwaa nishati ya jua na kujijenga kwa dioksidi ya kaboni: hao ni fotoototrofu. Mabaki yao yakizama, huozeshwa na bakteria ambao kwao kuni na unga ni kitu kimoja: hao ni kemoheterotrofu, kundi walimo pia vijiumbe wengi waletao maradhi. Chini kabisa, pasipo oksijeni, wamo vijiumbe wa kundi la akea wanaounda methani. Baadhi yao huunganisha hidrojeni na dioksidi ya kaboni, nao ni kemoototrofu. Kazi yao ya karne nyingi imechangia hazina ya methani ikadiriwayo kuwa kilomita za ujazo 60 hivi, ambayo upande wa Rwanda huzalisha umeme. Kundi la nne, fotoheterotrofu, lina baadhi ya bakteria wa zambarau: kuni zao ni mwanga, bali unga wao hutoka kwa viumbe wengine.

Hapa ndipo mtaalamu wa lugha hana budi kujihadhari. Auto kwa Kigiriki ni “mwenyewe”, na trophe ni “lishe”. Kwa hiyo mtu huvutwa kuandika “kijitegemea”. Lakini akea wa Kivu ni ototrofu kwa upande wa kaboni tu. Hidrojeni yake mara nyingi hutolewa na bakteria waozeshao mabaki. Wao wakikoma, naye hukosa kuni. Mwanafunzi aliyefundishwa “kijitegemea” hataweza kulielewa fungamano hilo, wala kueleza gesi ya ziwa lililo mlangoni pake Goma au Bukavu.

Kwa maoni yetu, heri kuyakopa maneno hayo na kuyavika umbo la Kiswahili, kisha kila istilahi ifuatane na swali inalolijibu: la kuni, au la unga. Tafsiri inayolificha swali hilo humnyima msomaji elimu yenyewe, hata ikiwa tamu masikioni.