Kabla Fedha Hazijatoka: Kuchagua na Kuweka Skrini ya Kompyuta ya Michezo

Ombi hili limekwishabisha hodi katika nyumba nyingi za mji wetu. Kijana amefaulu mtihani, au amefanya kazi wakati wa likizo na kuweka nusu ya fedha. Sasa amemjia mama na neno fupi: 4K. Anataka skrini mpya ya kompyuta yake ya michezo. Nusu iliyobaki aitarajia kutoka kwenye zamu ya mama katika mchezo wa akina mama, ambazo ni fedha zilizokwisha kupangiwa kazi nyingine.

Hatuandiki makala haya ili kumvunja moyo kijana, wala ili kumhimiza mama afungue mkoba. Twaandika kwa sababu skrini ni miongoni mwa vitu ambavyo mtu huweza kuvilipia kwa ukamilifu, akavipeleka nyumbani, na asipate alichokilipia. Tena asijue kuwa hakukipata. Jambo kubwa tunalotaka familia ilishike ni hili: skrini hailingani na tamaa ya mnunuzi, hulingana na kompyuta iliyopo na meza itakapokaa. Na jambo hilo hupimika nyumbani kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Nukta na mchoraji wake

Picha yoyote katika skrini ni mkusanyiko wa nukta ndogo za mwanga, ziitwazo pikseli. Mfano ulio karibu nasi ni kofia ya kushonwa kwa mkono. Vitobo vikiwa vikubwa na vichache, ua huonekana vyema kwa mbali tu. Vikiwa vidogo na vingi, ua hupendeza hata ukiisogeza kofia machoni. Lakini kila mshonaji ajua kwamba kofia ya pili humla siku nyingi zaidi.

Skrini iliyozoeleka, iitwayo 1080, ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Jumla yake ni 2,073,600. Ya daraja la kati, iitwayo 1440, ina 2,560 kwa 1,440, yaani 3,686,400. Ya 4K ina 3,840 kwa 2,160, yaani 8,294,400. Basi 4K si mara mbili ya 1080, kama wengi wanavyodhani. Ni mara nne kamili.

Nukta hizo hazijichori zenyewe. Ndani ya kompyuta mna kadi ya michoro, na kazi yake ni kuzitia rangi nukta zote, kisha kuzitia upya, mara 60 au zaidi katika kila sekunde. Kadi iliyokuwa ikiimudu 1080 bila taabu, ikipewa 4K hubebeshwa mzigo wa hamali wanne. Picha itakuwa safi, ila itachelewa na kukwamakwama. Hapo ndipo kijana hurudi mara ya pili, safari hii akiomba kadi mpya. Na kadi inayoimudu 4K aghalabu huwa ghali kuliko skrini yenyewe. Mzazi aliyedhani amenunua kitu kimoja hujikuta amenunua deni la vitu viwili.

Jaribio lisilogharimu kitu

Kuna njia ya kuijua kadi kabla ya kwenda dukani, na twamshauri kijana aifanye mwenyewe mbele ya mzazi wake.

Kwanza, afungue mchezo aupendao zaidi katika skrini ya zamani. Katika Windows, akibonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi G, vitatokea visanduku kadhaa. Kimojawapo huonyesha utendaji wa kompyuta, pamoja na idadi ya fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde. Aiandike idadi hiyo.

Pili, afungue programu ya kadi yake. Kadi nyingi za NVIDIA zina kipengele kiitwacho Dynamic Super Resolution, na nyingi za AMD zina Virtual Super Resolution. Vyote viwili huiamuru kadi ichore picha yenye nukta nyingi kuliko zilizomo katika skrini, kisha picha hiyo hupunguzwa ili ienee. Jicho halitaona 4K halisi, lakini kadi itakuwa imeubeba mzigo wa 4K. Akikiwasha, arudi katika mipangilio ya mchezo, achague 3,840 kwa 2,160, acheze dakika kumi, aandike fremu. Kisha arudie kwa 2,560 kwa 1,440.

Sasa karatasi itasema. Ikiwa 4K imetoa fremu 60 au zaidi, kompyuta yaistahili skrini hiyo. Ikiwa kati ya 40 na 60, huenda ikasaidiwa na teknolojia kama DLSS ya NVIDIA au FSR ya AMD, ambazo huichora picha kwa nukta chache kisha huikuza kwa ustadi. Ikiwa chini ya 40, skrini ya 1440 ndiyo iliyo sawa naye. Nayo si ya kudharauliwa, kwani ina nukta karibu mara mbili ya zile za 1080. Mazungumzo ya nyumbani huwa mepesi zaidi yakifanyika juu ya karatasi yenye nambari kuliko juu ya kununa.

Ukubwa, mwendo na aina ya kioo

Jicho lenye uoni wa kawaida, likiwa sentimita 60 kutoka kwenye skrini, huweza kutenganisha takriban nukta 145 katika kila inchi. Kipimo hicho hutusaidia kuchagua ukubwa. Skrini ya 1080 yenye inchi 24 ina nukta 92 kwa inchi. Ya 1440 yenye inchi 27 ina 109. Ya 4K yenye inchi 32 ina karibu 138. Ukinunua 4K ya inchi 24, utapata nukta 184 kwa inchi, nyingi zikiwa hazionekani na mwenye kuzilipia. Na anayefikiri kuifanya televisheni ya 4K ya inchi 55 iwe skrini ya mezani ajue kwamba ina nukta 80 tu kwa inchi. Yafaa kutazamwa kutoka kitini, si kwa kuikaribia.

Mwendo wa skrini hupimwa kwa hezi: ni mara ngapi kwa sekunde yaweza kubadilisha picha. Ya hezi 60 yatosha kwa masomo, filamu na michezo ya polepole. Ya hezi 144 huonyesha tofauti katika mbio za magari, kandanda na mapigano, maadamu kadi inatoa fremu za kutosha. Kulipia hezi 144 huku kadi ikitoa fremu 50 ni kununua barabara pana kwa ajili ya mkokoteni.

Ama kioo chenyewe, aina ya IPS huhifadhi rangi hata ukitazama kutoka pembeni, na ni chaguo la salama kwa nyumba ambamo skrini moja hutumiwa na watu wengi. VA ina weusi uliokoza zaidi, ila baadhi yake huburura vivuli picha ikienda mbio. OLED ina weusi kamili na mwendo mwepesi kuliko zote; lakini picha isiyosogea, ikikaa humo saa nyingi kwa miezi mingi, huweza kuacha alama ya kudumu. Mahali ambapo ubao uleule wa masomo hufunguliwa kutwa nzima, OLED yahitaji uangalizi.

Dukani

Mnunuzi asiridhike na maandishi ya boksi. Baadhi ya vifaa huandikwa kwamba "vinapokea 4K", maana yake hukubali ishara ya 4K kisha huipunguza, kwa kuwa kioo chenyewe hakina nukta hizo. Kinachotafutwa ni nambari 3840 x 2160 katika maelezo ya kioo. Mazungumzo yaweza kwenda hivi:

"Mama, hii ni 4K, hezi 144, bei ni ya leo tu."

"Ahsante mwanangu. Hebu niwashie. Na hizo hezi 144 zapatikana kwa tundu lipi, HDMI au DisplayPort?"

"Kwa DisplayPort, mama. Kwa HDMI utapata 60."

"Waya wake umo ndani ya boksi?"

Maswali hayo mawili humwonyesha muuzaji kwamba amempata mnunuzi anayejua alitakalo. Skrini ikiwaka, ombeni ionyeshwe picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Nukta iliyokufa hujitokeza hapo kama tone la wino katika kanzu. Kwa skrini iliyotumika ya ng'ambo, jaribuni kila tundu, tazameni kama mwanga ni sawa pembe zote nne, na kama ni OLED, tafuteni alama za picha za zamani. Ikiwa haina mguu wake, geuzeni nyuma: matundu manne ya skurubu yaliyoachana milimita 100 huruhusu kufungwa kwa mkono wa ukutani au wa mezani. Risiti na boksi vitunzwe mpaka muda wa dhamana uishe.

Nyumbani: nusu ya thamani imo katika kuiweka

Makosa matatu huwapata wengi, na yote matatu hufanya skrini ghali ionekane kama ya kawaida.

La kwanza ni waya kuchomekwa pasipo pake. Nyuma ya kompyuta ya kusimama, matundu ya kadi ya michoro huwa chini, yamepangwa kwa kulala. Yale yaliyo juu, karibu na matundu ya USB, ni ya ubao mama. Ukichomeka juu, kadi uliyoinunua kwa fedha nyingi hukaa bila ya kuihudumia skrini inavyopaswa.

La pili ni waya dhaifu. HDMI ya toleo la 1.4 hupitisha 4K kwa hezi 30 tu, na hata kishale cha kipanya huonekana kizito. Toleo la 2.0 hupitisha hezi 60, na 2.1 hufikia 120. DisplayPort 1.4 hufikia 120 kwa rangi za kawaida, na zaidi ya hapo kwa kubana ishara. Kumbukeni kwamba tundu la kadi, waya na tundu la skrini ni safari moja: kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kitakachoamua.

La tatu ni kuiacha Windows ijiamulie. Mara nyingi skrini ya hezi 144 huwashwa ikabaki 60 mwaka mzima. Bofyeni kitufe cha kulia cha kipanya katika uso wa skrini, fungueni mipangilio ya onyesho, hakikisheni imewekwa 3840 x 2160, kisha ingieni sehemu ya juu zaidi ya onyesho na kuchagua hezi kubwa iliyopo. Maandishi yakiwa madogo mno, msipunguze nukta. Ongezeni ukubwa wa maandishi hadi asilimia 150. Hatimaye washeni FreeSync au G-Sync, katika menyu ya skrini na pia katika programu ya kadi, ili picha zisikatike katikati.

Macho, dirisha na chumvi ya bahari

Skrini ikae umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu ukiwa sawa na macho au chini kidogo. Dirisha liwe ubavuni. Likiwa nyuma ya mchezaji, kioo kitakuwa kama maji ya mchana wa jua kali. Ili kupima mwangaza, shikeni karatasi nyeupe kando ya skrini: skrini iking'aa kama taa mbele ya karatasi, ipunguzeni.

Kila dakika 20, mchezaji atazame kitu kilicho mita 6 kwa sekunde 20, na akumbuke kupepesa, kwani mbele ya skrini watu hupepesa kidogo na macho hukauka. Akiombwa fedha za miwani maalum ya kuzuia mwanga wa buluu, mzazi ajue kwamba jumuiya ya madaktari wa macho ya Marekani haiipendekezi kwa matumizi ya kompyuta. Mapumziko na muda wa kucheza nje mchana vina faida zaidi kwa macho ya mtoto, wala havigharimu kitu.

Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na stima yetu hukatika na kurudi kwa kishindo. Chombo cha kuzuia mshtuko wa umeme ni cha lazima. Skrini isigusane na ukuta wenye unyevu. Kioo kifutwe kwa kitambaa laini kilicholowa maji kidogo, kifaa kikiwa kimezimwa. Dawa za kusafishia vioo vya madirisha huharibu utando wa juu.

Limebaki swali la mahali. Skrini kubwa ya inchi 32 haifichiki, na sisi twaona hilo ni jema. Ikiwekwa ukumbini, kijana atacheza, dada yake atafanyia kazi za masomo, baba atasoma hesabu za biashara, na saa ya kuzima itajulikana na wote. Ikifungiwa chumbani, itakuwa ya mtu mmoja na usiku wake. Kabla ya kwenda dukani, basi, karatasi ya fremu ikiwa mkononi, pimeni pia meza ya ukumbini: upana wake, kina chake, na umbali wake kutoka kwenye soketi. Skrini ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 hivi, na mchezaji anahitaji sentimita 60 au zaidi mbele yake. Meza isipotosha, inchi 27 zatosha, na fedha zilizosalia zirudi zilikotoka.