Anika Kwanza, Poza Baadaye

Khabari za maji ya chumvi yanayokausha hewa ya majengo makubwa



Hapana mkulima wa karafuu asiyejua thamani ya jamvi. Karafuu mbichi ikishuka mtini imejaa maji. Ikianikwa vyema juani hupoteza kiasi cha thuluthi mbili ya uzito wake, na kinachobaki ndicho tunachokipeleka kituoni kuuza. Ikirundikwa na maji yake huvunda, ikawa mpeta, na bei ya mpeta twaijua sote. Tangu utotoni tumefunzwa kwamba adui wa kwanza wa zao letu ni maji yasiyoondoka kwa wakati.

Leo twapenda kuzungumza juu ya kitu kingine chenye adui huyo huyo, nacho ni baridi ya majengo makubwa: maofisi, mahoteli, maspitali na kumbi za mikutano.

Siku moja tulikutana watu kadhaa katika ukumbi wa jengo moja jipya. Mashine za baridi zilikuwa nne ukutani, zote zikinguruma. Baada ya nusu saa wazee walikuwa wamejifunga makoti, na juu ya hivyo makaratasi ya mkutano yalikuwa yamelegea kwa unyevu, na pembeni mwa dari koga nyeusi ilikuwa imetambaa. Mzee mmoja wa shamba alipapasa ukuta, akatazama kidole chake, akasema, "Hewa hii wameipoza kabla hawajaianika." Tukacheka. Lakini fundi mwenye kuijua kazi hiyo asingecheka, kwa kuwa maneno ya mzee yule ndiyo maradhi yenyewe.

GILASI INAYOTOKA JASHO

Tia maji ya barafu katika gilasi, uiweke mezani siku ya masika. Mara utaona matone nje yake. Maji hayo hayakupenya kioo. Yalikuwa hewani, hayaonekani, nayo yalipogusa baridi yakageuka matone. Mashine ya baridi ya kawaida hukausha hewa kwa njia hiyo hiyo. Ndani yake mna mabomba ya baridi; hewa hupita juu yake, mvuke ukageuka maji, na maji hayo ndiyo yale tunayoyaona yakidondoka nyuma ya nyumba.

Ubaya wake ni huu. Ili maji ya kutosha yaanguke, hewa yapasa ipozwe mpaka nyuzi 12 au 13 za sentigredi, na katika majengo makubwa maji yanayozunguka ndani ya mabomba hupozwa mpaka nyuzi 7 hivi. Lakini nani anayetaka kukaa katika nyuzi 12? Nyuzi 24 zatosha. Basi baadhi ya majengo, khasa yenye vyumba vya upasuaji na viwanda vya dawa, huipoza hewa kupita kiasi ili ikauke, kisha huipasha moto tena ili watu wasitetemeke. Ni kama mtu aliyechota ndoo mbili kisimani, akamwaga moja njiani. Na jengo lisilopasha moto tena, aghalabu huwa kama ule ukumbi wetu: baridi na unyevu kwa pamoja.

HESABU YA MADEBE

Tupige hesabu kidogo. Siku ya joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, kila mita moja ya ujazo ya hewa ya nje imebeba kiasi cha gramu 24 za maji. Hewa nzuri ya ndani, ya nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 55, hubeba gramu 12. Kwa hivyo kila mita ya ujazo inayoingia yapasa kuvuliwa gramu 12. Jengo la watu 300 hivi lahitaji hewa safi kiasi cha mita za ujazo 10,000 kwa saa. Hapo pana lita 120 za maji kila saa, yaani madebe sita na zaidi, kila saa, kutwa nzima!

Wala maji hayo hayatoki bure. Kuugeuza mvuke kuwa maji ni kazi nzito kuliko kushusha joto. Ukipima kazi ya kuiteremsha hewa hiyo kutoka nyuzi 30 mpaka 24, kisha ukapima kazi ya kuivua zile gramu 12, utaona kazi ya pili ni kama mara nne ya ile ya kwanza. Jua linalopiga ukuta, na joto la watu na taa, hayo yana hesabu yake mbali. Lakini kwa hewa inayoingia kutoka nje, katika nchi za pwani kama yetu, twalipia maji zaidi kuliko joto.

Mafundi wa zamani waliyajua haya. Mwaka 1902 Willis Carrier, mhandisi kijana wa Marekani, alipobuni mtambo unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa aina ya kisasa, hakuubuni kwa kuwaburudisha watu. Ulikuwa wa kiwanda cha kupiga chapa huko Brooklyn, New York, ambako karatasi zilikuwa zikitanuka na kunywea kwa unyevu, rangi zikakosa kukutana. Unyevu ndio ulioianzisha kazi hii, na starehe ilikuja baadaye.

CHUMVI YA MASIKA

Sasa twende jikoni. Masika yakiingia, chumvi koponi hulowa ikawa haimwagiki. Nani aliyeitia maji? Ni hewa. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, chumvi ya kula huanza kuunyonya, hata mwisho ikayeyuka. Visiwani kwetu kiasi hicho hupitwa mara nyingi, na ndiyo sababu mama wa nyumba huweka punje za mchele koponi.

Ziko chumvi nyingine zenye uroho mkubwa kuliko hiyo. Kalsiamu kloridi ikikolezwa kabisa katika maji yaweza kuikausha hewa mpaka unyevu wa kiasi cha asilimia 30. Na lithiamu kloridi, mpaka kiasi cha asilimia 11. Maji ya bahari hayawezi kazi hii, kwani chumvi yake ni chache mno. Tangu miaka ya 1930 viko viwanda Marekani vilivyotumia maji ya lithiamu kloridi kukaushia hewa, na maspitali pia yakafuata.

Mtambo wenyewe una vyumba viwili. Katika chumba cha kwanza, maji makali ya chumvi, tuseme ya lithiamu kloridi kiasi cha asilimia 40 kwa uzito, humiminwa juu ya vipande vilivyopangwa kama masega ya nyuki, yakateremka taratibu. Hewa ya nje hupitishwa humo, ikagusana nayo, na mvuke wake ukanywewa. Yapasa maji hayo yapozwe wakati wa kazi, kwa sababu yakinywa mvuke hupata joto, na yakipata joto hamu yake hupungua. Hewa hutoka yabisi bila ya kulazimishwa kufika nyuzi 12.

Maji ya chumvi yakishashiba huwa mepesi. Hapo hupelekwa chumba cha pili, yakapashwa moto mpaka nyuzi 50 au 80 kwa kadiri ya mtambo, na hewa nyingine ikapita kuuchukua mvuke na kuutoa nje. Huku ndiko kuanika kwenyewe. Chumvi yaanikwa, yakolea, yarudi kazini, na maji yale yale huzunguka siku zote.

Na moto wa nyuzi 60 au 70 si moto wa tanuri. Waweza kutokana na jua juu ya paa, au na injini ya umeme ambayo joto lake hupotea bure, au na upande wa moto wa mashine ya baridi yenyewe, ule ambao kwa kawaida huwapulizia wapita njia.

KHABARI ZA SHENZHEN

Shenzhen ni mji wa kusini ya Uchina, kando ya bahari, na majira yake ya joto yana unyevu mwingi. Huko jengo moja la ofisi lilitiwa mtambo wa namna hii, na wataalamu wakaupima na kuchapisha matokeo. Kazi iligawanywa mbili. Hewa safi ilikaushwa kwa maji ya chumvi. Joto la vyumba likaondolewa kwa mabomba mengine, yenye maji ya nyuzi 17.5 badala ya 7.

Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ndimo iliyomo faida. Mashine ya baridi ni kama hamali: hulibeba joto kutoka ndani akalitua nje. Kadiri baridi inayotakiwa inavyozidi, ndivyo ngazi yake inavyorefuka. Gunia ni lile lile, lakini ukimfupishia ngazi hutokwa na jasho dogo.

Katika mwaka 2009 baridi ya jengo lile ilikula uniti 32.2 za umeme kwa kila mita ya mraba. Mitambo ya kawaida huko ilihesabiwa kula kiasi cha uniti 49. Yaani thuluthi moja ilibaki mfukoni, na haya yamepimwa kwa mita. Mwanachama akikutana na muuzaji anayemwahidi robo tatu, na amwulize mita yake iko wapi.

Sisi watu wa visiwani tuna sababu zaidi ya kusikiliza. Taarifa ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya mwaka 2018 ilisema kwamba mashine za baridi na mapanka hula karibu asilimia 20 ya umeme wote unaotumika majumbani na katika majengo duniani, na kwamba mashine zitazidi kutoka bilioni 1.6 mpaka bilioni 5.6 ifikapo 2050. Kwetu umeme huvuka bahari kwa waya. Pemba iliungwa na Tanga mwaka 2010. Na waliokuwapo Unguja hawajasahau giza lililoanza Disemba 2009 likaendelea mpaka Machi 2010, waya ulipopata hitilafu. Kila uniti inayopotea kwa kupoza na kupasha moto tena hewa ile ile ni uniti iliyokosekana penye pampu ya maji au taa ya skuli.

Tena maji makali ya chumvi yaweza kuwekwa akiba. Jua la mchana huyakoleza, yakatiwa tangini, yakatumika usiku au saa za umeme wa shida. Hayayeyuki kama barafu. Tangi likifunikwa sawasawa, nguvu zake hazipungui.

ILA ZAKE

Haifai kusifu bila ya kutaja ila. Kwanza, chumvi hizi hula chuma vibaya sana, kama hewa ya bahari inavyokula mabati yetu na zaidi. Mabomba na vyumba vyake hutaka plastiki au madini yasiyoshika kutu. Pili, tone la chumvi likichukuliwa na upepo mpaka ndani ya jengo litaharibu kila linapotua, kwa hivyo mtambo yapasa uwe umetengenezwa kwa uangalifu. Tatu, lithiamu ni ghali, na sasa yagombaniwa na watengenezaji wa betri. Kalsiamu kloridi ni rahisi ila nguvu zake ni chache. Nne, bila ya joto la jua au joto linalopotea, kununua mafuta ya kupashia chumvi kwaweza kumaliza faida yote. Tano, hutaka fundi aliyefunzwa, si wa kubahatisha. Kwa chumba kimoja cha kulala mtambo huu haufai. Ni wa jengo kubwa lenye watu wengi na hewa nyingi.

NENO KWA WENYE MAGHALA

Wako wanaodhani kwamba ghala la karafuu likitiwa baridi, karafuu zitakaa salama. Wajihadhari. Hewa ikipozwa bila ya kukaushwa, unyevu wake kwa asilimia huzidi, na karafuu iliyokauka huunywa unyevu huo kama chumvi ya koponi. Kisha gunia la baridi likitolewa nje siku ya joto hutoka jasho kama ile gilasi, na maji hayo huingia ndani. Kazi ya wiki nzima ya jua yaweza kuharibika hivyo. Ghala likitaka kuhudumiwa, na lianze kwa ukavu: sakafu isiyopitisha maji, magunia juu ya mbao, mlango kufungwa mvua inyeshapo. Baridi ni jambo la baadaye, kama itahitajika.

Wengi katika wanachama wetu hukaa katika kamati za spitali, za skuli na za ujenzi, na wengine watoto wao ni mafundi na makontrakta. Basi mkionyeshwa ramani ya jengo kubwa lenye mashine za baridi, kabla ya kutiwa saini ulizeni haya manne. Madebe mangapi ya maji yatatolewa hewani kwa saa? Yatatolewa kwa njia gani? Hewa itapashwa moto tena baada ya kupozwa? Na joto linalotupwa nje, halina kazi ya kufanya? Kontrakta anayejua kazi yake atajibu kwa hesabu, na hata kama mwisho mtachagua mashine za kawaida, mtakuwa mmechagua kwa kujua.

Mwanachama mwenye swali au maoni juu ya jambo hili na amwandikie katibu wa tawi lake, nasi tutajitahidi kumjibu katika toleo lijalo.