Mama, Simu na Utulivu wa Moyo

Kaeni vizuri, na mwalimu wa darasa aongeze sauti ya redio. Somo letu la leo ni juu ya akina mama na mitandao ya simu, kama vile Facebook, Instagram na WhatsApp. Je, mitandao hiyo humpa mama utulivu wa moyo, au humwondolea?

Tuanze na faida. Mama wengi siku hizi huzaa mjini, mbali na mama zao na shangazi zao. Mama wa namna hiyo akiuliza katika kundi la WhatsApp, "Mtoto wangu halali usiku, wenzangu mlifanyaje?" hujibiwa, naye huona kwamba hayuko peke yake. Hiyo ni faida kubwa.

Sasa hasara. Mwaka 1954 mtaalamu wa Marekani, Leon Festinger, alieleza kwamba mtu akikosa kipimo cha kujipimia, hujipima kwa wenzake. Umama hauna mizani. Kwa hiyo mama hutazama mama wengine. Lakini picha haionyeshi yote. Huonyesha mtoto msafi mwenye nguo mpya. Haionyeshi nepi zilizorundikana wala kilio cha usiku. Hapo mama hulinganisha nyumba yake nzima na pembe moja ya nyumba ya mwenziwe, akajiona hafai.

Hasara nyingine ni ya usingizi. Mama anayenyonyesha hulala kwa vipande. Akivitumia vipande hivyo kutazama simu, huamka amechoka, na uchovu huikaribisha huzuni.

Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani waliwalipa watu wazima ili waache Facebook kwa majuma manne. Walioacha walipata nafasi ya saa moja hivi kila siku, na furaha yao iliongezeka kidogo. Angalieni neno "kidogo". Simu si chanzo cha kila huzuni, wala kuizima si dawa ya kila huzuni.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mama 20 katika kila 100 waliojifungua hupata maradhi ya akili, hasa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Machozi ya siku chache baada ya kuzaa ni ya kawaida. Lakini huzuni ikizidi majuma mawili, mama aende kliniki bila kuona haya. Akiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, apelekwe siku ile ile, wala asiachwe peke yake.

Basi fanyeni hivi:

Kwanza, usiku wekeni simu mbali na kitanda.

Pili, kundi likikutia uchungu kila ulisomapo, litoke.

Tatu, mweleze mtu wa karibu yaliyo moyoni: mume, dada au jirani. Nanyi akina baba, mpokeeni mama mtoto, apate kulala.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Taja faida moja ya mitandao kwa mama.
2. Kwa nini picha za simu humfanya mama ajione hafai?
3. Huzuni ikizidi majuma mawili, mama afanye nini?

Andikeni majibu katika madaftari yenu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.